Karunguyeye Alivyovihamisha Visima Arobaini

Nauliza, mpo?
— Tupo!
Masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta!
Basi yategeni vizuri. Hii ni ya kiangazi, na kiangazi hakingoji mtu.

Walikuwepo watatu, wadogo wadogo: Bi Karunguyeye mwenye miiba, Kanga mwenye madoa, na Chura mwenye mdomo. Kazi yao ilikuwa moja. Mnyama akiwa na kiu anapiga simu: "Haloo, maji yako wapi?" Anajibiwa: "Nenda kisima fulani, leo kina maji." Visima vilikuwa arobaini. Habari zake zote waliziandika kitabuni, na kitabu wakakiweka kwenye wingu.

Wingu hili si la mvua. Ni mashine za mtu, unazikodi, zinakutunzia mambo yako na kukujibia simu zako. Na huyo mtu alikuwa Kiboko.

Kiboko alisema, "Kuingiza habari ni bure! Nyie leteni tu." Wakaleta zote, nyumbani hawakubakiza hata nakala moja. Kiboko akasema, "Mashine moja haitoshi. Wakipiga elfu kwa mpigo je? Chukueni kumi." Wakachukua kumi, wakaweka dole gumba kwenye mkataba.

Mashine zikalia. Asubuhi ngurrr, mchana ngurrr, simu ipigwe isipigwe, ngurrr. Na kila mashine ikilia saa moja, Kiboko anataka mzigo mmoja wa majani mabichi. Kiangazi hicho! Majani mabichi! Kanga akakata majani mpaka mbawa zikachubuka. Chura akakata mpaka ngozi ikakauka.

"Shoga," Kanga akasema, "tutakufa huku tunalisha tumbo la mtu."

Sasa, Karunguyeye na Chura walikuwa wameanza kisomo cha watu wazima. Uzee na mvi zao, lakini herufi walizikamata. Karunguyeye akautoa ule mkataba. Akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akasoma, kidole kinatembea:

"Mashine i-na-yo-lia, i-na-li-piwa. Mashine i-li-yo-lala, hai-da-iwi."

"Heee!" Chura akaruka. "Na sisi tunazo kumi, zinalia kama zimefiwa!"

Siku ile ile wakarudisha tisa. Ile moja wakaipanga hivi: hakuna simu, lala. Simu ikiingia, amka, kri! Jibu, lala tena. Siku nzima ukijumlisha, hata saa moja haikufika. Mzigo mmoja tu.

Kiboko akangoja majani yake. Akaona kimzigo kimoja. Akaja mbio, chapa chapa chapa, tope linaruka.

"Nyie vidudu! Kesho jua likigusa mlima nazima mashine. Hameni!"

"Sawa, mzee," Karunguyeye akasema. "Tunachukua kitabu chetu cha visima, tunahama."

Kiboko akacheka, bwa-ha-ha. "Kutoa kitabu ni mizigo elfu. Kuingia bure, bei iko kwenye mlango wa kutokea! Mkishindwa kinabaki changu. Mwenye kiu atakuja kunipigia magoti mimi."

Akaondoka. Wale watatu wakatazamana. Bila kitabu kile, swala na watoto wake wangezunguka visima vikavu mpaka waanguke njiani.

Karunguyeye akarudi kwenye mkataba. Akasoma, akasoma, mpaka karibu na chini kabisa. Kidole kikasimama: "Jibu moja kwa mpigaji mmoja, bure."

"Kanga, ukoo wenu mko wangapi?"

"Ukoo wetu? Harusini tunamaliza sufuria tatu."

"Niletee arobaini."

Kesho yake, nyuma ya kilima, kanga arobaini wakapanga foleni kwenye simu. Chura kaketi na daftari na kalamu. Wa kwanza akapiga: "Haloo, kisima cha kwanza vipi?" Kri! Akajibiwa, Chura akaandika. Wa pili: "Haloo, kisima cha pili vipi?" Kri! Chura akaandika. Mtandao ukakatika, ukarudi. Kri! Jua likainama.

"Kikiisha cha arobaini nitalia mara moja," Chura alikuwa amesema. Karunguyeye akaenda peke yake kwa Kiboko.

Kiboko kasimama kwenye swichi. Ndani mashine inafanya kri! Kri!

"Mbona simu nyingi leo?"

"Kiu, mzee. Jua kali. Naomba kabla hujazima nikusomee mkataba, tuachane kwa heri."

Kiboko mwenyewe alikuwa hajui a wala be. Mkataba aliandikiwa na Kasuku, na Kasuku alisharuka zake. Akaona aibu kusema. "Soma. Haraka!"

"Ku... i... ngi... za..."

Kri!

"Unasoma kama kobe anayepanda ngazi!"

"Nivumilie mzee, nimeanza juzi. Ha... ba... ri..."

Kri! Kri! Jua likagusa mlima. Kiboko akapeleka mguu kwenye swichi. "Basi! Nazima!"

"Zima, mzee. Ila ngoja niruke mpaka mstari wa mwisho, ndio unaotaja majani yako."

Mguu ukasimama hewani. "Majani yangu? Mangapi?"

"M... pa... nga... ji..."

Kri!

"Mangapi, we bibi!"

"A... ki... ha... ma..."

Kri! Halafu kimya. Karunguyeye akatega sikio upande wa kilima. Kimya. Kiboko akafungua mdomo, meno haya hapa.

Mbali, nyuma ya kilima: KWAAA!

Karunguyeye akavuta pumzi, akasoma mara moja bila kituo: "Mpangaji akihama mikono mitupu hadaiwi kitu ila majani ya saa zilizolia. Saa moja hiyo, mzee. Mzigo wako huu. Mikono yangu hii hapa, tupu. Kwaheri!"

Kiboko akazima, pa! Akakimbilia kitabu chake. Akakigeuza juu, akakigeuza chini. Kimejaa maandishi. Swala akapita mbele yake na watoto, haulizi kitu, anakwenda kisima cha saba alikotumwa na Chura. Nyuma yake nyumbu. Nyuma yao twiga.

"Njooni kwangu!" Kiboko akaita. "Kitabu ninacho mimi!"

"Basi kisome," twiga akasema, akapita.

Funzo lake ni hili: kodi mashine kumi, ziache zilie, weka kila kitu kwa mtu mmoja, na mkataba usipoteze muda kuusoma. Ndivyo Kiboko anavyofundisha mpaka leo, na Kiboko ni mkubwa, hawezi kukosea.

Mmekunywa?
— Tumekunywa!
Basi kila mtu afunike mtungi wake.