Mstari Mmoja kwenye Leseni ya Tumsifu

Wapendwa, palikuwa na rubani mmoja, dada aitwaye Tumsifu. Miaka sita alirusha ndege ndogo za watalii, peke yake kwenye usukani. Kisha akasomea ndege kubwa ya abiria arobaini, akafaulu. Lakini leseni ilipotoka ilikuwa na mstari wa ziada: "Kwa aina hii ya ndege, rubani msaidizi tu." Yaani asiirushe bila kapteni pembeni. Jamani, aliumia! Hata mama yake hakumwonyesha.

Siku moja, kwenye kiwanja cha mkoani, kapteni wake akashikwa na tumbo, akakimbizwa hospitali. Abiria wamejaa, wanasubiri. Meneja wa kituo akamvuta Tumsifu kando.

"Dada, ndege si unaijua? Tupeleke wewe."

"Naijua. Leseni hairuhusu."

"Nani atakagua huku?"

Ninyi mngejibuje? Si ndiyo nafasi aliyoililia? Tumsifu akaenda mbele ya abiria, akawasomea ule mstari kwa sauti. Baba mmoja aliyekuwa anawahi harusi ya bintiye akafoka, "Kumbe wewe si rubani kamili!" Tumsifu akaikunja leseni yake, machozi yakimlengalenga.

Asubuhi akaletwa kapteni mwingine, mzee Mwakisunga.

"Shikamoo, Kapteni. Samahani, mimi ni msaidizi tu."

"Marahaba, mwanangu. Samahani ya nini? Hebu soma tena. Pameandikwa usirushe? Pameandikwa usirushe peke yako! Haya, kaa. Leo unairusha wewe, mimi nipo hapa."

Akairusha. Yule baba akafika bibi harusi bado anavishwa shela. Na Tumsifu akaendelea hivyo, safari baada ya safari, kapteni pembeni, hata akapimwa tena na ule mstari ukafutwa.

Sisi je? Mungu akituwekea mpaka, mbona tunausoma kama hukumu? Wewe uliyeacha pombe mwezi uliopita, ukiambiwa usipite mtaa ule bila mwenzako, unaona umedharauliwa. Wewe mama unayelea wanne peke yako, hutaki jirani ajue umechoka. Nani alitudanganya kwamba kukomaa ni kutomhitaji mtu?

Leo, kabla hujatoka mlango ule, mshike mtu mkono umwambie, "Kaa na mimi, hili bado siliwezi." Halafu uone Mungu atakavyokuinua.