Utepe wa Daraja la Lukwale

Nyinyi mliokaa hapo mmekunja miguu, nijibuni: mmewahi kuona daraja lenye mwanzo tu?

Mnacheka. Chekeni taratibu, hakuna kati yetu mwenye kazi ya kuwahi. Nikisema "Bomba!" itikieni "Linavuja!"

Bomba!

— Linavuja!

Linavujia wapi?

— Kwa wenyewe!

Haya. Palikuwa na nchi, Mbanja jina lake, ndogo hata jogoo wa mpaka huu alimwamsha mtu wa mpaka ule. Watu walilima muhogo, walivua kambare, walijuana kwa majina. Mpaka siku Mzee Fumbwe alipochimba choo. Kachimba futi kumi, kaona unyevu. Kachimba ishirini, kasikia harufu. Kachimba thelathini, choo kikamtemea mafuta mpaka kwenye kofia. Mafuta, jamani! Si ya nazi, si ya ufuta. Yale yanayoendesha dunia.

Wakaja wenye mabomba, wanaozungumza puani, "très bien, très bien," kila kitu kwao kizuri sana. Mafuta yakatoka Mbanja meusi, yakapanda meli, yakarudi Mbanja mafuta ya taa, bei mara nane. Redio ikatangaza: "Hongereni wananchi! Kwa wastani, kila mmoja wenu sasa ni tajiri." Bibi mmoja akamgeukia jirani yake: "Huyo Wastani anakaa mtaa gani? Maana changu kipo kwake."

Mfalme wa Mbanja, Chongowe, alipenda kitu kimoja kuliko wali wa nazi: kukata utepe. Alikuwa na mkasi wa dhahabu aliorithi kwa babu yake, pamoja na masharti matatu. Sharti la kwanza: mradi mmoja, utepe mmoja. La pili: hakuna mtu kutumia kitu kipya kabla mfalme hajakata. La tatu, sikilizeni vizuri: mkasi ukishatoka kwenye kasha, haurudi na njaa. Ukirudi haujakata, mfalme hana kiti tena.

Mwenye kumjengea miradi ni Waziri wa Miundombinu, Sengenge. Suti tatu kwa siku, na Kiingereza cha kutisha watu.

Akajenga barabara. Njia sita, taa huku na huku, utepe mita mia kutoka jukwaani. Mfalme akaenda, kch! akakata, akarudi. Nyuma ya utepe? Pori. Nyani wakapata pa kuota jua. Waziri akasema, "Iliyobaki ni awamu ya pili." Watu wakapiga makofi.

Akajenga kiwanja cha ndege. Sebule ya marumaru, vyoo vinanukia waridi, na njia ya kurukia fupi kuliko ndege yenyewe. Mfalme akakata, kch! akarudi. "Iliyobaki ni awamu ya pili." Watu wakapiga makofi.

Akajenga daraja la mto Lukwale. Hapo sasa, ndugu zangu, ndipo alipomkuta Bi Siwatu.

Bi Siwatu ni nani? Ni fundi cherehani wa kijiji cha Mtondoo, ukingoni mwa mto. Tepe zote za nchi hiyo alizishona yeye, na kuzifunga ni kazi yake. Alikuwa na binti mmoja, Riziki, mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Mkunga alimpapasa tumbo. Akampapasa tena, akasema:

"Bi Siwatu, mtoto amekingama. Huyu hazaliwi kwa mikono yangu. Mpelekeni hospitali."

Na hospitali moja tu yenye daktari ilikuwa ng'ambo ya Lukwale. Mto wenyewe umejaa viboko. Mwezi uliopita walipindua mtumbwi uliobeba wajawazito wawili, zikarudi kanga tupu. Baada ya wiki mbili, mvua. Mvua ikinyesha, hata mtumbwi hauvuki.

Bi Siwatu akaenda kutazama daraja. Upande huu, nguzo mbili na sakafu nzuri, imepakwa rangi. Upande wa pili, nguzo mbili. Katikati? Hewa. Hewa safi, ya serikali.

Akamfuata Waziri jukwaani, watu wanapanga viti vya sherehe ya kesho.

"Mheshimiwa, shikamoo. Katikati pale mtajaza lini?"

"Mama, hiyo ni phase two. Lazima kwanza feasibility study, upembuzi yakinifu."

"Si mlishafanya?"

"Tumefanya saba. Tunasubiri ya nane ithibitishe zile saba."

"Mwanangu anajifungua mwezi huu."

"Mwambie avumilie," Waziri akasema. "Mtoto si anatoka mwenyewe? No problem, mama. Wewe funga utepe, tupatie picha nzuri."

Avumilie! Mmesikia? Bomba!

— Linavuja!

Bi Siwatu hakutukana. Alirudi nyumbani, akakanyaga cherehani, akashona utepe mwekundu mpana kama shuka. Alfajiri akamwita mume wa jirani, Mzee Kungwi, mwenye mtumbwi.

Riziki akamshika kanga. "Mama, usiende. Viboko!"

"Mimi nikizama, cherehani itapata mrithi. Wewe ukizama, mmezama wawili. Niache."

Wakapiga kasia. Kiboko mmoja akaibuka, akawatazama, akapiga miayo, akazama. Labda naye alishazoea kuona watumishi wa serikali wanapita bila kufanya kitu. Wakafika ng'ambo. Bi Siwatu akafunga utepe kwenye nguzo mbili za upande ule, akakaza fundo, akarudi, akajipanga na akina mama wa vigelegele.

Saa nne asubuhi mfalme akaja. Beni ya tarumbeta ikalia. Hotuba ikasomwa, kurasa arobaini. Kasha likafunguliwa, mkasi ukatoka, ukang'aa. Mfalme akatembea juu ya zulia, akapanda darajani, akatafuta.

"Utepe uko wapi?"

Bi Siwatu akapiga goti. "Ule pale, Mtukufu. Mwisho wa daraja."

Mfalme akatazama mbele. Utepe unapepea. Akatazama chini. Kiboko anapepesa masikio.

Waziri Sengenge akamrukia Bi Siwatu: "Mwanamke wee! Funga mwingine hapa, haraka!"

"Nitafunga, Mheshimiwa," Bi Siwatu akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ngoma. "Lakini mradi mmoja, utepe mmoja, mfalme mmoja. Nikifunga wa pili, ndiyo kusema kuna mfalme wa pili. Niandike jina la nani, lako?"

Mfalme akamgeukia Waziri polepole.

"Sengenge. Unataka kuwa wa pili?"

"Hapana, Mtukufu! Walahi hapana! Basi... basi tuchukue mtumbwi, ukakate kule."

"Sawa kabisa," Bi Siwatu akasema. "Ila akienda kwa mtumbwi atakuwa amezindua mtumbwi. Na mtumbwi wa Mzee Kungwi una miaka thelathini."

Watu wakaanza kuguna, huku mwingine kakohoa kuficha kicheko. Mfalme akataka kurudi kwenye gari. Akakumbuka mkasi. Kasha liko wazi, mkasi uko mkononi, una njaa. Akakaa chini, palepale, pembeni mwa hewa.

"Mimi siondoki," akasema. "Na wewe, Sengenge, huondoki. Nijengee nipite."

"Mtukufu, vifaa viko awamu ya pili."

"Awamu ya pili iko wapi?"

Waziri akapekua mifuko ya suti.

"Iko wapi?"

Akalegeza tai.

"Sengenge, iko wapi?"

"Iko... kwangu, Mtukufu. Imeshakuwa ghorofa."

Weee! Mlidhani vigelegele vilisubiri amri? Watu wa Mtondoo wakaenda kwenye ghorofa hiyo na nyundo. Wakang'oa nondo roshani, wakang'oa mihimili sebuleni, saruji iliyofichwa gereji wakaibeba kichwani wakiimba. Mafundi wasio na kazi nchi nzima wakaja wenyewe. Mhandisi mmoja aliyekuwa anauza njugu stendi akatupa sinia, akachora daraja mchangani kwa kidole, likatoka sawa. Feasibility study ya nane ilimalizika kabla ya chai.

Mfalme akakaa siku moja, jua likamuunguza pua. Akakaa siku tano, akila ugali kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkasi. Akakaa siku kumi na moja, akawajua mbu wa wananchi kwa sauti. Waziri alikuwa anachanganya zege kwa suti ya tatu. Ya kwanza na ya pili zilishaganda.

Siku ya kumi na mbili wingu likasimama juu ya Lukwale, jeusi. Ubao wa mwisho ukapigiliwa. Na nyuma, kutoka kijijini, wakaja wanaume wanne na machela, Riziki juu yake, ameuma kanga, jasho kama amemwagiwa maji.

Wapiga tarumbeta wakajipanga. Mwenye zulia akaanza kulitandika. Waziri akatoa karatasi: "Mtukufu, kuna hotuba fupi tu, kurasa ishirini..."

Riziki akapiga ukelele. Ukelele huo, ndugu zangu, hauna kurasa.

Bi Siwatu akasimama mbele ya mfalme. Hakupiga goti.

"Baba, hatuwezi kupita kabla yako. Basi pita. Kimbia!"

Na Chongowe, ambaye tangu utoto alibebwa, akakimbia. Taji likaanguka, akaliacha. Kiatu kikachomoka, akakiacha. Tumbo mbele, mkasi juu, machela nyuma yake, ukelele nyuma ya machela. Kch! Akakata. Machela ikampita bila salamu, na tone la kwanza la mvua likamdondokea puani.

Huko hospitali Riziki akapasuliwa, akajifungua msichana, mzima, mwenye kelele. Mama na mtoto wakalala kitanda kimoja, Bi Siwatu akalala chini, wala hakusikia mvua iliyonyesha siku sita.

Ngano yangu imevuka. Palipo patamu wapelekeeni watoto, palipo pachungu papelekeni ikulu.

Na nyinyi mnaokalia viti vya mbele, mnaopewa chupa ya maji wakati sisi tunapewa bendera ya karatasi: msituite tena kwenye jukwaa. Rudini kwenye ile barabara ya nyani, fungeni utepe ulipo mwisho wake, shikeni mkasi, anzeni kutembea. Mkikuta pori, kaeni hapohapo mpaka barabara iwafikie. Na hiyo awamu ya pili, iteremsheni roshani. Tunaitaka leo.