Mlango wa Sultani Sanani

Hapo zamani, katika mji wa Kizimbwe, palikuwa na fundi wa kunakshi milango, jina lake Shomari, hodari wa patasi na fukara wa kutupwa. Sultani Sanani, Mungu amzidishie haya, alifunga naye mkataba kwa muhuri: Shomari achonge mlango wa jumba la kifalme, naye Sultani ampe kijumba cha mawe kilichokuwa kitupu nyuma ya soko. Basi Shomari akachonga miezi tisa, na mkewe Mwanakombo akawa anahesabu siku, kwani kibanda chao kilivuja na masika yalikaribia.

Mlango ulipokwisha kutiwa, Sultani akausifu, akausifu tena, kisha akaingia ndani kula. Nyumba hakuitaja.

Shomari akaenda kwa Kadhi Nasoro. Kadhi akausoma mkataba, akaurudisha upesi kama aliyeshika kaa la moto.

"Haki yako naiona, mwanangu," akasema, "lakini iko amri: hakuna mahakama itakayosikiliza shauri la mkataba ambao Dola imo ndani yake, ila kwa idhini ya Dola."

"Na Dola ni nani, ewe Kadhi?"

"Ni Sultani."

"Yaani nimwombe Sultani ruhusa ya kumshitaki Sultani?"

"Kwa adabu," akasema Kadhi.

Shomari akaomba, kwa adabu. Sultani akajibu kwamba ameyatafakari madai hayo kwa huruma nyingi, na idhini hatoi. Mvua ya kwanza ikanyesha, Mwanakombo akakesha ameketi juu ya sanduku, na Shomari akaona uchungu mkubwa.

Kulipokucha akachukua nyundo, akaenda akaung'oa mlango mchana kweupe. Walinzi wakamsaidia kuubeba, wakidhani unakwenda kupakwa mafuta.

Ikawa jumba halina mlango, na harusi ya binti Sultani imebakiza siku tatu. Mbuzi wakaingia, waombaji wakaingia, mbuzi wakiwa na adabu zaidi. Sultani akawaka, akamkokota Shomari mpaka kwa Kadhi.

"Mwizi huyu! Ameiba mlango wangu!"

"Ni wako kwa lipi, Mtukufu?" akauliza Kadhi.

"Kwa mkataba!"

Shomari akapiga magoti. "Ewe Kadhi, desturi yetu mafundi waijua: kazi ni ya fundi mpaka apewe ujira wake. Kama nimepewa au sikupewa, jibu limo katika mkataba, na Dola nayo imo. Nakusihi usiufungue. Mimi nani hata nivunje amri ya Sultani?"

Kadhi akainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu. "Mtukufu, mahakama hii haina mamlaka."

"Nakupa idhini, mpumbavu wewe! Andika!"

Kadhi akaandika kwamba tangu leo mahakama isikilize mashauri yote ya mikataba ya Dola. Sultani akatia muhuri bila kusoma, kama ilivyokuwa kawaida yake. Hapo Kadhi akaufungua mkataba, akahukumu: nyumba itolewe leo, na mlango urudishwe leo.

Sultani akatazama wageni wa harusi waliokwisha kuwasili mjini, ambao walimfuata na sasa wamesimama wakisikiliza, akacheka kwa nguvu, maana hakubakiwa na jingine la kufanya. Jioni ile Mwanakombo akatandika kitanda chini ya dari kavu.

Asubuhi mbele ya nyumba ya Kadhi palikuwa na mshona majoho, mchimba visima, na mpishi wa jumba mwenyewe, kila mmoja na mkataba wake mkononi. Sultani akauliza makelele yale ni ya nini, akaambiwa kwamba anaitwa shaurini.