Masudi Asiyetoka Tunduni

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma wameitikia kama walionyimwa ugali. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Anayekaa kwenye moshi asogee, na mtu mzima ambaye bado anakaa kwa mama yake asininunie. Ngano ya leo haimsemi yeye. Inawasema ndege.

Hapo zamani za kale, siku ambazo miti bado iliwajua wapangaji wake kwa majina, paliishi hondohondo mmoja aitwaye Mzee Shomari. Hondohondo mnamjua: ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko mahitaji yake. Mzee Shomari na mkewe, Bi Mwanaidi, walikuwa na tundu lao katika mvule mkubwa, na ng'ambo ya bonde palikuwa na mkuyu uliozaa mwaka mzima.

Sasa sikilizeni desturi ya hondohondo, maana kisa chote kimekaa juu yake. Mke akitaka kutaga huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa tu wa kupitisha chakula. Mume hubaki nje kuleta riziki. Watoto wakikua kidogo, mama hutoka, nao hujiziba tena humo ndani mpaka mbawa zao zikomae. Siku hiyo ikifika hubomoa udongo wenyewe na kwenda zao. Tena wa ndani ndiye abomoaye. Wa nje akiugusa mlango huo ni aibu ya ukoo mzima, mpaka kwa mashangazi.

Mzee Shomari alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alibomoa, akaenda. Wa pili akabomoa, akaenda. Wa tatu, Masudi, akautazama mlango, akautazama ulimwengu kupitia ufani, akachukua udongo akaongeza.

Masika moja yakapita. Masika mawili yakapita. Masika matatu yakapita. Masudi akawa na kifua kipana kama sinia na sauti nzito kuliko ya baba yake, na kila asubuhi mdomo wake ulichomoza ufani:

"Baba eee, kuyu! Baba eee, kuyu! Baba eee, bila wadudu!"

Basi Mzee Shomari huyo: ruka bondeni, chuma kuyu, rudi mvuleni. Ruka bondeni, chuma kuyu, rudi mvuleni. Ruka bondeni, chuma kuyu, kung'uta wadudu, rudi mvuleni. Manyoya ya shingo yalimwisha, akafanana na ufagio wa zamani.

Siku moja Bi Mwanaidi akamwambia, "Baba Masudi, masika yamebakiza siku kumi. Nina yai tumboni. Nitalitaga wapi?"

"Tunduni, mke wangu."

"Tunduni kwa nani? Kwangu au kwa mwanao? Mvua ikinikuta nje, yai hili litaanguka bondeni, na wewe utaniambia nini?"

Mzee Shomari akauzunguka mti kwa macho. Matundu mengine yote ya mvule ule yalikuwa ya nyuki, na nyuki hawapangishi.

"Niachie mimi," akasema. "Kuanzia kesho simletei kitu siku tatu. Njaa itamtoa."

Kulipokucha akakaa tawini, akafumba macho. Masudi akaita, baba kimya. Masudi akaita tena, baba kimya. Mara ya tatu Masudi hakuita. Alikohoa. Koh! Kikohozi chenyewe kidogo, cha yatima. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa ameshakwenda mkuyuni na kurudi mara tano.

"Ulisema siku tatu," Bi Mwanaidi akasema.

"Zilikuwa fupi."

Siku ya pili akaja na mbinu nyingine. Mzee Shomari ujanani alikuwa ametembea sana, na kama wote tuliotembea sana, hakuna aliyemwomba asimulie. Akasimama ufani akamsimulia mwanawe ziwa la chumvi, ndege wekundu wanaosimama kwa mguu mmoja, na vilima saba vya kusini. Alisimulia mpaka koo likakauka.

"Sasa mwanangu, hutamani kuyaona?"

"Nimeshayaona, baba. Wewe unasimulia vizuri mno." Halafu mdomo ukachomoza. "Baba eee, kuyu!"

"Mke!" Mzee Shomari akamwambia Bi Mwanaidi. "Kijana anahitaji mke. Mwenye mke hakai kwa baba yake."

Akaruka mpaka kijiji cha tatu, akaposa, akarudi na binti mmoja mzuri, Siwatu, mwenye macho ya aibu na sauti laini. Masudi alipomwona tu kupitia ufani, tok tok tok, akabomoa mlango! Bi Mwanaidi akapiga vigelegele. Mzee Shomari akalia machozi. Masudi akatoa kichwa, akatoa bawa moja, akamshika Siwatu, akamvuta ndani, akaziba.

Halafu ikasikika sauti ya Siwatu: "Mume wangu, mbona hutoki?"

"Niende wapi?"

"Kwetu mke huzibwa ndani, mume hukaa nje akaleta chakula."

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Mwenye kukaa nje yupo." Na midomo miwili ikachomoza ufani, mmoja ukinguruma, mwingine ukinong'ona:

"Baba eee, kuyu!"

"Shikamoo, baba mkwe. Mimi moja tu. Au mawili."

Maskini Siwatu, aliponong'ona alikuwa amegeuza uso ukutani. Alikuwa binti wa watu, amefunzwa. Mke wa mtoto hali mbele ya baba mkwe, hapigi chafya mbele ya baba mkwe, wala hamwoni baba mkwe akijikuna. Udongo wa mlango ndio uliomsitiri.

Na Mzee Shomari? Ruka bondeni, chuma makuyu mawili mawili, rudi mvuleni. Siku ya tisa mabawa yakagoma. Alianguka tawini, puu, mdomo ukakita gogoni.

Bi Mwanaidi akamtazama, akayatazama mawingu, meusi kama chungu cha maharage. "Sasa ni zamu yangu," akasema. "Wewe kazi yako ni moja tu: usilete kitu." Akasogea ufani. "Hodi wenyewe! Sisi wazee tumechoka. Tumeamua kuhamia kwa mtoto wetu."

"Mama, hapa pamebana," Masudi akasema.

Lakini Siwatu angewezaje kumwacha mama mkwe mlangoni? Tok tok tok, akabomoa. "Karibu mama," akasema, na alipomwona anayefuata nyuma akafunika uso kwa bawa. Bi Mwanaidi akaingia. Mzee Shomari akasukumwa akaingia. Kisha Bi Mwanaidi akachota udongo, akaziba mlango kwa mdomo wake mwenyewe, akapiga na lipu.

Wanne ndani ya tundu la mmoja! Mkia wa mzee ulikuwa puani mwa Masudi. Mdomo wa Masudi ulikuwa kwapani mwa mama yake. Siwatu alikuwa amebandikwa ukutani kama mjusi, hageuki, hamezi mate.

"Baba eee, kuyu!" Masudi akaita kwa mazoea.

"Nipo hapa mwanangu, usipige kelele."

Masudi akafikiri. Hakuwa amezoea. "Sasa... nani ataleta?"

"Hata mimi najiuliza," Bi Mwanaidi akasema.

Mzee Shomari aliteseka kuliko wote. Kila mtoto alipomeza mate, mabawa yake yalifunguka yenyewe kutaka kwenda mkuyuni, na kila yalipofunguka Bi Mwanaidi aliyakanyaga. Tumbo likaanza kumnguruma mbele ya mkwe wake. Aibu iliyoje! Akakohoa kulifunika. Likanguruma tena, akasimulia ziwa la chumvi. Likanguruma mara ya tatu, akalisimulia upya, tangu mwanzo, pamoja na vilima vyote saba.

Kwenye kilima cha sita Siwatu akasema na ukuta, taratibu kabisa:

"Masudi, mume wangu. Wewe kaa na wazazi wako, ni vizuri, ni heshima. Mimi narudi kwetu nikale."

Tok tok tok! Udongo ukamwagika, mwanga ukaingia, Siwatu akapotea hewani.

"Baba!" Masudi akapiga kelele. "Mke anaondoka! Mfuate!"

Mzee Shomari tayari alikuwa ameinua mguu. Ndiyo, jamani, alikuwa anakwenda kumletea mtoto mke kama anavyoletewa kuyu! Bi Mwanaidi akamtazama. Mara moja tu. Mzee akaushusha mguu, na hakuna mzigo aliowahi kuubeba bondeni uliokuwa mzito kama mguu ule.

"Mke ni wako, Masudi," akasema. "Mimi wangu huyu hapa, ananikanyaga."

Masudi akajitosa mlangoni. Kichwa kikapita, kifua kikapita, makalio ya masika matatu yakakwama. Wazazi wakamsukuma. Moja! Bado. Mbili! Bado. Tatu! Akafyatuka kama kizibo cha chupa ya togwa, akaanguka kuelekea bondeni akilia, "Mamaaa!", na katikati ya kilio hicho mabawa yakafunguka. Aliruka kama mkeka uliochukuliwa na upepo, lakini aliruka.

Siwatu alikuwa mkuyuni, amewapa mgongo walimwengu, anakula. Masudi akatua karibu yake, yaani akaligonga tawi. Akachuma kuyu la kwanza maishani mwake, akauma, akatema.

"Kumbe yana wadudu!"

"Yakung'ute," Siwatu akasema bila kugeuka. "Na ukimaliza, nichumie na mimi."

Huku mvuleni Bi Mwanaidi hakungoja. Alijipanga tunduni, udongo ukazibwa, ukabaki ufa. Matone ya kwanza ya masika yalipogonga majani, yai lilikuwa limekwishatagwa mahali pakavu.

Siku nyingi zikapita bila habari. Mzee Shomari akawa anatazama huku na huku mkuyuni kama aliyepoteza kitu. Hata adhuhuri moja, mvua imekatika, yuko mvuleni, akasikia mtu tawini.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Masudi. Amekonda, ametapakaa tope la kuzibia tundu lake mpaka mdomoni, na mdomoni amebeba kuyu moja lililopondeka. Mzee Shomari akamsogelea ahakikishe ni yeye. Tangu mtoto huyu aanguliwe, hakuwahi kuwapigia hodi.

"Nani huyo?" Bi Mwanaidi akauliza ndani.

"Masudi. Amekuletea kuyu. Amelikung'uta."

Mdomo wa Bi Mwanaidi ukachomoza ufani:

"Mwambie karibu sana. Mwambie mama yake amefurahi. Mwambie asiingie."

Ngano yangu imefika hapo, nami siiongezi hata unyoya. Mwenye kwake aende kwake. Asiye na kwake apige hodi kwanza.