Gesi Iliyodaiwa Kuongeza Kasi

Katika ofisi finyu ya mtafiti palining'inia picha moja tu: nyota inayokufa, ikitema gesi yake pande mbili kama mabawa ya kipepeo. Kwa miaka sita bwana huyo alipima bawa moja, lile linaloikimbia dunia, akajiaminisha kwamba gesi huongeza kasi kadiri inavyokwenda mbali. Shahada yake ya uzamivu ilisimama juu ya jambo hilo peke yake. Nyumbani mkewe alilea watoto bila msaada, akipiga moyo konde.

Fundi wa darubini, mzee asiyemung'unya maneno, alimwonya tangu mwaka wa kwanza.

"Mwanangu, taa ya kipimo ndiyo rula yako: mwanga wake haubadiliki, ndio unaoonyesha kama chombo kimesogea. Iwashe mwanzo wa kazi na mwisho. Chombo hiki kikipata baridi hupinda."

"Kiasi gani, mzee?"

"Unywele."

"Basi unywele huo nakuachia wewe mwenye upara!"

Wakacheka wote wawili. Taa ya mwisho ilikula dakika kumi, na mtafiti wetu hakuwa na dakika za kuchezea. Akawa anawasha ya mwanzo tu, kisha anapima kutoka kwenye nyota kuelekea ncha ya bawa, kila mara kwa mpangilio uleule.

Wiki mbili kabla ya kuitetea tasnifu, msimamizi wake alimwita. Mama huyo hakumkaribisha kiti.

"Nilimwomba fundi apime upya, aanzie nchani arudi kwenye nyota. Soma."

Alisoma. Safari hii, kwa taa ya mwanzo tu, kasi ilikuwa ndogo nchani, kubwa karibu na nyota. Taa ilipowashwa mwanzo na mwisho, gesi ilionekana kwenda mwendo mmoja kote.

"Kwa hiyo gesi..."

"Gesi haina neno. Kilichokuwa kikisogea ni chombo chetu: kadiri kilivyopata baridi, ndivyo kipimo kilivyopanda, popote ulipoanzia."

"Nitasahihisha, mama. Nipe mwaka mmoja tu, nakuomba."

"Utasahihisha kwa kipi? Miaka sita huna hata taa moja ya mwisho. Na muda wako chuoni umekwisha."

Alitoka nje. Akampigia mkewe simu, akamweleza yote bila kuficha.

"Miaka sita, baba watoto? Kwa ajili ya dakika kumi?"

Alikaa kwenye ngazi za chuo, akalia kwa sauti mbele ya wapita njia, wala hakuona haya. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.