Bi Mize Mwosha na Mguu wa Malkia

Nikiita, mtaitika?
— Tutaitika.
Nikisema, mtasikia?
— Tutasikia.
Nikiongopa je?
— Ongopa, Bibi, sisi tumo.

Haya. Wewe unayesinzia, amka, au rudi kwenu ukalale vizuri. Zamani hizo, kabla mama yangu hajazaliwa na kabla mama yake hajanyonya, palikuwa na mji ukiitwa Shungi. Ulikuwa na mfalme. Ulikuwa na msikiti. Ulikuwa na soko. Na ulikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakuna mtu aliyetaka kumwona mlangoni kwake.

Jina lake Bi Mize. Kazi yake kuosha maiti.

Usikunje uso, wewe. Utaoshwa na nani, paka?

Wanaume wa mji ule walioshwa na wanaume wenzao. Wanawake wote walikuwa wa Bi Mize. Tajiri akifa, Bi Mize. Maskini akifa, Bi Mize. Mgomvi wake akifa, Bi Mize vilevile. Akiitwa huja na kata yake ya kifuu ya kuchotea maji, majani yake ya mkunazi, ubani wake na karafuu maiti. Huwafukuza watu wote chumbani, akafunga mlango. Chini ya kitanda huchimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti. Hulichimba mwenyewe, hamwachii mtu. Akitoka, marehemu yuko ndani ya sanda, ananukia kuliko bibi harusi. Na mdomo wa Bi Mize umefungwa. Alichokiona amekiona yeye. Kovu, kidonda, alama ya bakora ya mume, mimba iliyofichwa, vyote vilikwenda na yale maji ndani ya ufuo, naye akafukia.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, jamani. Kuosha, hata mimi naosha masufuria. Kunyamaza ndiko kunakomshinda mtu.

Sasa watu wa Shungi walimtaka Bi Mize siku moja tu. Siku nyingine zote walimkwepa. Akienda kununua samaki, muuzaji anamwambia, weka pesa chini. Akipita njiani, wenye mimba wanaingia ndani. Akitia mguu harusini, anatandikiwa mkeka peke yake, kule karibu na mbuzi wanaosubiri kuchinjwa. Siku moja Bi Tausi, mke wa tajiri wa nguo, alimpa mkono, yaani alimpa ncha za vidole viwili, kisha akavifuta kwenye nguo yake mbele ya watu. Bi Mize akacheka.

"Hivyo viwili vinanitosha kwa leo, shoga yangu. Vilivyobaki nitavikuta."

Bi Tausi pilau ya siku ile haikumshuka.

Mnadhani aliona haya? Hakuwa na haya ya kuona. Alitembea katikati ya njia, kichwa juu, ndoo mkononi. Wakimwuliza, "Bi Mize, huoni kinyaa?" huwajibu, "Kinyaa nakiona kwenu mnaovunda mkiwa hai. Wangu wote natoka nimewaacha safi."

Haya, sogeeni. Mfalme wa Shungi akafa, na mkewe, Malkia Mwana Esha, akakalia kiti. Alitawala vizuri, sina la kumsema. Ila alikuwa na desturi moja. Mguu wake wa kushoto aliufunga kitambaa cha hariri, kutoka kwenye vidole mpaka gotini. Jua, kitambaa. Mvua, kitambaa. Kitandani, kitambaa. Hata mumewe, walisema, hajauona.

Na watu mnawajua. Wakasema ana kwato. Wakasema ni jini, mfalme alimwokota baharini akapofushwa na uzuri. Wakayasema hayo wakiwa mbali naye, maana mashujaa wa Shungi walikuwa hodari wa kusema mbali.

Mwana Esha naye akafa. Bi Mize akaitwa. Akafunga mlango, akafungua kitambaa, akaosha, akafukia, akatoka.

Malkia aliacha binti mmoja, Jokha, ndiyo kwanza amevunja ungo. Kiti kilikuwa chake. Lakini alikuwako baba yake mdogo, ndugu wa marehemu mfalme, Bwana Chande, mtu wa kilemba kikubwa na moyo kama punje ya mtama. Akawaendea wakubwa wa mji na Waziri akiwamo.

"Mtoto wa jini hakalii kiti cha wazee wangu," akasema. "Atarudishwa baharini alikotoka mama yake, afungwe jiwe, atupwe. Kiti nikae mimi."

"Ushahidi uko wapi?" Waziri akauliza.

"Nitauleta kabla arobaini haijaisha."

"Ukiuleta, kiti chako. Usipouleta, kiti cha Jokha."

Ushahidi ule ulikuwa kwa nani?
— Kwa Bi Mize.
Kumbe mko macho.

Bwana Chande akamwendea Bi Mize mara ya kwanza. Alikwenda na wapambe wake na sanduku la vikuku vya dhahabu. Akasimama mlangoni. Kuingia hakuingia.

"Bi Mize, mguu wa malkia ulikuwaje?"

"Ulikuwa na vumbi kidogo, nikauosha."

"Nakuuliza ulikuwaje."

"Nami nimekujibu, baba. Sasa ni safi."

Akaondoka na sanduku lake.

Akamwendea mara ya pili. Safari hii alikuja peke yake, na maneno yake yametiwa sukari.

"Mama yangu," akasema. Sasa amekuwa mama yake. "Mama yangu, mpaka lini utashikashika maiti? Nikitawala nitakutoa kwenye uchafu huu. Nitakufanya mkubwa wa wanawake wote wa jumba. Utalala, utapepewa, hutashika kitu kwa mkono wako."

Bi Mize alikuwa anachambua majani ya mkunazi. Hakuinua macho.

"Uchafu upi?"

"Hii kazi yako."

"Mama yako nilipomtoa chumbani, ulimbusu paji la uso. Ulibusu uchafu?"

Bwana Chande akaliruka hilo. "Mguu, Bi Mize."

"Miguu ilikuwa miwili. Nenda salama."

Akamwendea mara ya tatu. Hakuleta dhahabu, hakuleta sukari. Alileta mtu mwenye shoka.

"Ijumaa, watu wakitoka kusali, utasema mbele ya mji mzima. Usiposema, mikono hiyo inakatwa. Yote miwili."

Hapo Bi Mize akaacha kuchambua majani. Akaitazama mikono yake. Msicheke, mtu na mikono yake. Ilikuwa imechujuka kwa maji, kucha fupi, ngozi kavu kwa karafuu maiti. Mikono ile iliwavika sanda mama za mji mzima. Nikisema, akawaza, mtoto anafungwa jiwe. Nisiposema, mimi nimekwisha, maana mwosha asiye na mikono ni kikongwe tu kama vikongwe wengine. Na siku nikisema, hata mikono ikibaki, nimekwisha vilevile. Nani atanifungia mlango na mama yake?

Akafikiri. Akaendelea kuchambua majani. Akafikiri tena.

"Nitasema," akasema. "Lakini mimi sikusoma, bwana. Mambo yangu yamekaa kichwani kama yalivyoingia, la kwanza, la pili, la tatu. Nikichomoa la juu, yote yanamwagika. Lazima nianze mwanzo."

"Anzia unapotaka."

"Na nisikatwe kauli. Nikikatwa kauli nasahau, halafu utasema nimefanya makusudi."

Bwana Chande akafurahi mpaka kilemba kikapinda.

Ijumaa ikafika, watu wakajaa barazani. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Jokha alikaa upande mmoja, hajala tangu jana, amemkazia Bi Mize macho. Bwana Chande akasimama akatoa amri yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe: "Leo huyu mama atasema. Atakayemkata kauli, awe mkubwa, awe mdogo, atahama Shungi kabla jua halijatua, na asirudi."

"Mmesikia?" Bi Mize akauliza.

Wakasema wamesikia.

"Basi naanza. Wa kwanza niliyemwosha mimi katika mji huu alikuwa mama yake Waziri."

Waziri akaketi vizuri.

"Ilikuwa asubuhi ya mvua. Nikafunga mlango. Nikatia ubani. Nikamfunua nguo. Nikamwinua taratibu, nikautazama mgongo wake. Na pale mgongoni," akasema Bi Mize, "koo limenikauka. Naomba maji."

Akaletewa maji. Akanywa polepole, kama kuku. Waziri alikuwa amekwisha kuinuka, yuko sikioni kwa Bwana Chande, kilemba kwa kilemba.

"Mwambie amruke mama yangu."

"Mwache aseme, bwana."

"Chande, unautaka huu ufalme, au huutaki?"

Bwana Chande akakohoa. "Bi Mize, huyo mruke."

"Nikiruka nitapotea, bwana."

"Ruka nimekwambia."

"Haya, umesema wewe. Wa pili. Wa pili alikuwa mama mzazi wa tajiri wa nguo. Nikafunga mlango. Nikatia ubani. Nikamfunua. Nikauinua mkono wake wa kushoto. Na chini ya kwapa, jamani, maji."

Akanywa. Tajiri wa nguo akapiga magoti mbele ya Bwana Chande, jasho linamtiririka, anaahidi majora ya hariri, anaahidi duka, angeahidi na Bi Tausi kama angetakiwa. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa kimya kabisa, na wanawake kukaa kimya mnajua si kawaida. Kila mmoja alikuwa anamhesabu marehemu wake.

"Ruka," akasema Bwana Chande, meno yamebana.

"Nimeruka. Wa tatu. Wa tatu alikuwa bibi mkubwa kabisa. Mama yako wewe, Bwana Chande. Nikafunga mlango. Nikatia ubani. Nikamfunua nguo."

Safari hii hakuomba maji.

"Nikamgeuza ubavu. Nikaanza kumwosha, mguuni, gotini, napanda. Nikafika kwenye paja. Na juu ya paja lake la kulia, watu wa Shungi, nikaona kwa macho yangu haya ma—"

"Nyamaza!"

Bwana Chande alikuwa amesimama.

"Nyamaza, mwanamke," Bwana Chande akarudia, sauti imeshuka. "Mama yangu usimguse."

Bi Mize akakunja mikono yake mapajani.

"Nimenyamaza, bwana. Nilikuwa nimenyamaza tangu zamani, wewe ndiye uliyenitaka niseme."

Waziri akainuka polepole. Jasho lilikuwa halijamkauka, na mtu aliyetoka jasho namna ile hasamehi.

"Kuna mtu amekata kauli hapa," akasema. "Nani?"

Watu wakatazamana. Wa kwanza kujibu alikuwa mwanamke nyuma ya pazia, na sauti ile, walioijua, ilikuwa ya Bi Tausi.

"Mwenye kilemba."

"Amri ilikuwaje?"

"Ahame kabla jua halijatua," mji mzima ukajibu.

Bwana Chande akamtazama Waziri, Waziri akatazama mbali. Akamtazama tajiri wa nguo, tajiri wa nguo alikuwa anahangaika na kiatu. Alifunganya alasiri. Alikokwenda hakuna aliyeuliza.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Waziri akageukia watu.

"Bi Mize alikuwa njiani kumfikia malkia. Yuko anayetaka aendelee?"

Hakuna.

"Nauliza tena. Yuko?"

Hakuna hata mtoto aliyekohoa.

"Basi ushahidi haukuletwa. Jokha, mwanangu, njoo ukae."

Mtoto akanyanyuka, akaenda akakaa kwenye kiti cha baba yake.

Sasa mnataka kujua. Nawaona mnavyonyoosha shingo. Yule mama wa Chande alikuwa na nini pajani? Mimi nasema alikuwa na paja. Bi Mize alikuwa na neno lililoanza na "ma", likaishia hapohapo. Mengine aliyasema Bwana Chande mwenyewe, kichwani mwake. Huyo mama wa watu alifukiwa na yake, na yake hayajatoka mpaka leo.

Jokha akatawala. Mwezi haujaisha, akamwendea Bi Mize nyumbani kwake. Hakumwita jumbani, alikwenda kwa miguu yake, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda. Bi Mize akamtilia uji.

"Mama," akasema Jokha, "sasa hakuna wa kukutisha. Tuko wawili. Yule alikuwa mama yangu, nami nimelala ubavuni pake miaka yote nisijue. Mguu wake ulikuwaje?"

Bi Mize akamtazama sana yule mtoto. Alimpenda, na moyo ulimuuma.

"Sitakwambia."

"Hata mimi? Mimi ni malkia wako."

"Umekuwa malkia kwa sababu sikusema. Na mama yako alikuwa na mdomo, mwanangu, alikuwa na miaka yote hiyo ya kukwambia. Hakukwambia. Mimi ni nani nimfungue alipojifunga?"

Jokha akalia kidogo. Bi Mize akamwacha alie, hakumbembeleza. Alipomaliza, alijifuta, akanywa uji wake mpaka chini ya bakuli.

"Na mimi siku yangu ikifika," akauliza, "itakuwa hivihivi?"

"Hivihivi. Nikiwapo mimi, au nitakayemfundisha."

"Mfundishe vizuri," akasema malkia, akainuka akaenda kutawala.

Nami hapo natua mzigo. Nilichopewa nimekitoa, nilichokatazwa ninacho. Nani ana swali juu ya mguu?
— Hakuna, Bibi.
Nani ana usingizi?
— Sote.
Basi kalaleni, na kila mtu anawe miguu yake mwenyewe.