Ndoo ya Pili ya Sultana

Asiyeandika hulisha mara mbili. Mmeisikia leo kwa fundi wa kwato, mkashangaa kuniona nimeinamisha kichwa. Basi niwaeleze, maana ilipozaliwa nilikuwapo, na nilikuwa na umri kama wenu.

Methali hii ilianza na mateke. Gu, gu, gu, mbao za banda zikilia, nasi vijana sita tuko bondeni tukikata nyasi, hatuoni kitu. Tulitupa miundu tukakimbia. Tulimkuta Sultana amelowa jasho, anageuza shingo kutazama tumbo lake, kisha akajibwaga chini.

Sultana alikuwa farasi jike wa Bi Elinami, mjane wa pale Usa River. Alitukabidhi tumtunze ili tujifunze kazi, kwa sharti moja: chochote anachopewa farasi kiandikwe katika daftari lililoning'inia mlangoni. Wenzangu walikubali. Mimi nilicheka.

"Lomayani, andika," Nanyori aliniambia kila siku. Yeye ndiye aliyepokea zamu baada yangu.

"Dada, kichwa hiki kimebeba beti mia mbili nilizotunga mwenyewe. Kitashindwa na ndoo ya pumba?"

"Kichwa chako unaondoka nacho. Mimi naachiwa mlango."

Asubuhi ile, saa kumi na mbili, nilimpa Sultana ndoo yake, nikaenda zangu bondeni. Saa moja Nanyori akafika, akafungua daftari, akakuta ukurasa mtupu. Sultana akamlilia, maana farasi hamwambii mtu kwamba ameshiba. Nanyori akampa ndoo nyingine, akaiandika, akatufuata.

Tulipomwita Bi Elinami, alikuja na daktari wa mifugo. Daktari alisoma daftari, akakunja uso.

"Ndoo moja haifanyi hivi. Nani aliandika?"

"Mimi," Nanyori alisema.

"Binti, umempa ngapi? Farasi hatapiki, kikiingia kimeingia. Kama chakula kimezidi, nimpitishie mpira puani nikitoe sasa hivi. Kama hakikuzidi, mpira utamtesa bure, na hana nguvu za kuteswa."

"Moja."

"Nanyori," Bi Elinami alisema polepole, "ukinidanganya hutagusa tena farasi wangu."

Wote walimkazia macho. Nanyori alinitazama mimi tu. Sultana aliguna sakafuni.

"Mama, hakudanganya," nilisema. "Ya kwanza nilimpa mimi, alfajiri. Sikuandika."

Daktari hakungoja lingine. Mpira ukapita puani, maji yakaingia, pumba zilizovimba zikatoka, tena na tena. Ilipofika alasiri Sultana alisimama, akajikung'uta vumbi, akamsukuma daktari kwa pua.

Bi Elinami hakunifokea. Alichomoa kalamu daftarini, akanipa.

"Asiyeandika hulisha mara mbili, mwanangu. Na anayeshtakiwa ni yule wa pili."

Ndipo nilipoielewa, kabla hata haijawa methali ya watu. Nilimgeukia Nanyori mbele ya wenzetu wote.

"Kuanzia leo sitavuka mlango huu kabla sijaandika, hata kama nimempa konzi moja ya nyasi. Ukikuta ukurasa mtupu, mlishe bila kuniuliza."